Mkopo wa 203(k): tafuta mkandarasi anayeweza kusubiri pesa

Nyumba nyingi za bei nafuu Marekani ni zile ambazo mkopo wa kawaida hauzikubali: paa linavuja, jiko limeng'olewa, mabomba yamepasuka kwa baridi. Mkopo wa 203(k), unaodhaminiwa na FHA, yaani shirika la serikali kuu la kudhamini mikopo ya nyumba, upo kwa ajili ya nyumba za namna hiyo. Bei ya nyumba na gharama ya ukarabati vinaingia kwenye mkopo mmoja, na mwenye alama za mkopo kuanzia 580 anaweza kuanza na malipo ya awali ya asilimia 3.5. Sharti mojawapo ni kwamba uishi humo mwenyewe. Hadi hapo mambo ni mepesi kuelewa. Kinachowakwamisha wanunuzi wengi ni kumpata mkandarasi atakayekubali kufanya kazi kwa masharti ya mkopo huu.

Wengi hukataa, na si kwa kuwa ni mafundi wabaya. Hukataa kwa sababu ya jinsi pesa inavyotoka. Ukilielewa hilo, utajua wa kumpigia simu na wa kumwacha, na utajua la kumuuliza kabla hajapoteza muda wako au wewe kupoteza wake.

Pesa inavyotoka

Siku ya kusaini, pesa ya ukarabati haiendi kwako wala kwa mkandarasi. Inabaki kwenye akaunti ya amana inayoshikwa na benki. Kwa 203(k) ya aina ya Standard, ile inayoruhusu kazi kubwa za kugusa mihimili na msingi, mkandarasi anafanya kazi kwanza. Kisha mshauri aliyeidhinishwa na HUD, yaani wizara ya nyumba ya serikali kuu, anakuja kukagua, fomu ya kuomba malipo inasainiwa, ndipo benki inatoa hundi. Awamu za malipo hazizidi tano. Na katika kila awamu benki inabakiza asilimia 10.

Tuchukue mkataba wa dola 60,000. Mkandarasi amebomoa, amesimamisha kuta mpya na kuezeka paa, kazi yenye thamani ya dola 18,000. Mshauri anaipitisha. Benki inakata 1,800 na kutoa hundi ya 16,200. Hundi hiyo inaandikwa kwa majina mawili, lako na la mkandarasi, isipokuwa umetoa ruhusa ya maandishi alipwe moja kwa moja. Kutoka siku ya ukaguzi mpaka pesa iingie, wiki moja au mbili ni jambo la kawaida. Katika muda huo vibarua wanataka chao kila Ijumaa na duka la vifaa linadai. Zile asilimia 10 zikijumlishwa mpaka mwisho ni dola 6,000, ambazo kwa mkandarasi mdogo huenda ndiyo faida yake yote katika kazi hiyo, na benki inaweza kuzishika siku 35 baada ya kazi kwisha, au zaidi kama sheria ya jimbo inawapa mafundi muda mrefu zaidi wa kudai.

Kwa hiyo unayemtafuta ni mkandarasi mwenye mtaji. Kwa makadirio yangu, asiyeweza kubeba theluthi ya mkataba kwa pesa yake, au kwa akaunti ya mkopo kwenye duka la vifaa, hataifikisha kazi hii mwisho hata kama mikono yake ni ya dhahabu. Atafanya vizuri mpaka awamu ya pili, kisha ataanza kuchelewa, na ukifuatilia utakuta pesa ya nyumba yako imelipia vifaa vya nyumba ya mtu mwingine.

Aina ya pili, Limited, ni nyepesi kidogo. Ni ya kazi zisizogusa mihimili, na tangu Novemba 2024 kiwango chake cha juu ni dola 75,000, kutoka 35,000 za zamani. Mshauri si lazima. Kila mkandarasi hulipwa mara mbili tu, mwanzoni na mwishoni, na ile ya mwanzoni kwa kawaida haizidi nusu, tena pale tu anaposhindwa kusubiri. Msomaji anaweza kuona hili ni nafuu. Kwa mkandarasi wa jiko na bafu ni nafuu kweli. Ila fikiria mtu aliyechukua nusu mwanzoni: nusu ya pili haiji mpaka kila kitu kiwe kimekwisha, hata kama amebakiza mlango mmoja wa kabati uliochelewa kiwandani.

Swali la kumuuliza kwenye simu ya kwanza, kabla ya kuzungumza bei: "Ukianza kazi Jumatatu na malipo ya kwanza yakaja wiki ya tano, vifaa utanunua kwa pesa gani?" Anayeijua kazi atajibu papo hapo. Atakwambia ana akaunti ya siku 30 kwenye duka fulani, au atapanga kazi ili hatua ya kwanza iwe fupi na ikaguliwe mapema. Anayesema "utanipa advansi ya nusu, mengine tutajua" mshukuru na umwache.

Wanapatikana wapi

Nyota tano za mtandaoni hazikusaidii sana hapa. Nyingi zinatokana na kazi ndogo ambazo mwenye nyumba alilipa mwenyewe, na mkandarasi hakuwahi kumngojea mkaguzi wa benki.

Chanzo bora ni mshauri wa 203(k) mwenyewe. HUD ina orodha yao kwenye tovuti yake, na unaweza kumpigia kabla hata hujapata nyumba. Haruhusiwi kuwa mkandarasi wa kazi anayoikagua, lakini ameshaona kazi za nani zinapita ukaguzi mara ya kwanza na za nani zinarudiwa. Mwombe majina matatu. Afisa mikopo naye ana majina, ikiwa anashughulikia mikopo ya ukarabati mara kwa mara. Kama yeye hufanya miwili kwa mwaka, badilisha afisa kabla ya kutafuta mkandarasi, maana hata makaratasi yatamshinda.

Halafu kuna ofisi ya vibali ya mji au kaunti. Vibali vya ujenzi ni kumbukumbu za wazi, na sehemu nyingi unaweza kuvitafuta kwa jina la mtaa. Angalia vya miaka miwili iliyopita kwenye eneo unalotaka kununua: nani alivichukua, na je, vilifungwa kwa ukaguzi wa mwisho? Mkandarasi mwenye vibali vingi vilivyoachwa wazi anakuonyesha jinsi anavyomaliza kazi zake. Chanzo kingine ambacho watu hukisahau ni kaunta ya mafundi kwenye duka la jumla la mbao au mabomba. Wauzaji pale wanajua nani analipa bili zake.

Na yule ndugu au rafiki ambaye ni fundi mzuri? FHA haikubali pande zinazohusiana katika mkopo huu, nje ya ununuzi wa nyumba kutoka kwa mwanafamilia. Shemeji yako, muuzaji wa nyumba, au mume wa ajenti wako hawezi kuwa mkandarasi wako. Mweleze mapema, asije akakasirika baadaye. Kufanya kazi mwenyewe kunawezekana ukiithibitishia benki kwamba una ujuzi, lakini utarudishiwa gharama ya vifaa peke yake, ufundi wako haulipwi.

Anza kabla ya nyumba

Kosa ninaloliona likiharibu manunuzi mengi ni mpangilio wa muda. Mnunuzi anapata nyumba, ofa inakubaliwa, kisha ndiyo anaanza kutafuta mkandarasi ndani ya kipindi cha ukaguzi, ambacho mara nyingi ni siku 7 hadi 10. Haiwezekani. Mkandarasi mzuri hawezi kuja kesho kutwa.

Uwe na wawili waliokwisha kukubali masharti, na ambao benki imeshawapitia karatasi zao, kabla ya kutoa ofa. Mkataba wa ununuzi utaje kwamba mkopo ni 203(k), na uombe angalau siku 60 mpaka siku ya kusaini. Ofa ikikubaliwa, walete nyumbani siku moja mkandarasi, mkaguzi wa nyumba na mshauri. Wakiona pamoja kitu kimoja, hakutakuwa na mabishano baadaye kwamba yule wa kwanza hakuuona ufa wa chini ya ngazi. Kama nyumba ni ya tatu unayomzungushia mkandarasi, mlipe muda wake. Wanachoka kukadiria nyumba ambazo wanunuzi hawazipati, na aliyechoka anakupa makisio ya kubahatisha.

Siku hiyo umeme, maji na gesi viwe vimewashwa. Nyumba iliyokaa tupu majira ya baridi huwa imekaushwa mabomba, na bila maji hakuna anayejua yanavuja wapi. Kwa Standard, akiba ya dharura kwenye nyumba ya miaka 30 au zaidi ni asilimia 10 mpaka 20 ya gharama ya ukarabati, na mifumo isipoweza kujaribiwa kiwango cha chini kinapanda hadi 15. Pitisha pia kamera kwenye bomba la maji taka linaloelekea barabarani. Bomba la zamani la chuma au la udongo lililoingiliwa na mizizi linaweza kumeza akiba yote kabla jiko halijaguswa.

Makisio yaandikwe hivi

Mshauri huandaa orodha ya kazi kwa kufuata vipengele 35 vya fomu ya malipo ya HUD: paa ni namba 4, mabomba namba 27, umeme namba 28. Mwombe mkandarasi afuate namba hizo hizo. Malipo yatatoka kwa kipengele, kwa hiyo makisio ya jumla moja ya dola 60,000 hayana kazi benki.

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji atulie kidogo, kwa sababu ugomvi mwingi wa katikati ya kazi ulishaandikwa ndani ya makisio tangu mwanzo. Mstari mbaya husomeka: "Paa jipya, vifaa na ufundi, $14,500." Mstari mzuri husomeka:

"Namba 4, paa. Kuondoa tabaka mbili za vigae vya lami, skwea 22. Kubadilisha plaiwudi zilizooza, hadi 8 za futi 4 kwa 8. Kila moja ya ziada kwa bei iliyoandikwa hapa. Utando wa kuzuia maji ya barafu kwenye kingo na mabondeni, karatasi ya chini sehemu iliyobaki. Bati la ukingo pande zote. Bati jipya kuzunguka dohani. Kola mpya kwenye mabomba 3 ya hewa. Tundu la hewa la kileleni. Vifaa $6,200. Ufundi $7,700. Taka na kibali $600."

Jumla ni ile ile, 14,500. Skwea moja ni futi 100 za mraba, kwa hiyo unaweza kupima mwenyewe kama 22 inaendana na paa unaloliona. Lakini faida kubwa ni kwenye maneno "tabaka mbili" na "hadi 8". Fundi akifungua paa akakuta tabaka mbili wakati makisio yalidhani ni moja, gharama ya kung'oa na kutupa inaongezeka, na atataka ilipwe. Kama imeandikwa, hakuna la kuzungumza. Plaiwudi ya tisa ina bei yake tayari.

Mtego mwingine ni pesa ya kukadiria kwa vitu utakavyochagua baadaye. "Vigae vya bafuni, $440." Bafu la futi 5 kwa 8 lina sakafu ya futi za mraba 40. Kuta tatu kuzunguka sinki la kuogea la futi 5, zikipanda futi 6, ni kama futi za mraba 60. Ongeza asilimia 10 ya vipande vitakavyokatwa na kuvunjika, unapata 110. Kwa hiyo 440 inamaanisha kigae cha dola 4 kwa futi ya mraba. Ukienda dukani ukapenda cha dola 9, ni 990, na tofauti ya 550 unaitoa mfukoni. Andika idadi na bei ya kipimo kimoja, kwa vigae, kabati, taa, mabomba ya sinki, kila kitu ambacho hakijachaguliwa.

Makisio yakamilike kabla ya mthamini kufika. Yeye hupima thamani ya nyumba kama itakavyokuwa baada ya ukarabati, kwa kutumia orodha hiyo hiyo. Mkandarasi akiongeza dola 9,000 baada ya tathmini, faili inarudi nyuma na tarehe ya kusaini inakimbia.

Karatasi za mkandarasi

Leseni hutofautiana kwa jimbo. California inadai leseni kwa kazi kuanzia dola 1,000, na inakataza advansi inayozidi dola 1,000 au asilimia 10 ya mkataba, kiasi kidogo kati ya hivyo viwili. Texas haina leseni ya jimbo kwa mkandarasi mkuu, ila mafundi bomba na umeme wanayo. Pennsylvania husajili wakandarasi wa ukarabati wa nyumba kwa mwanasheria mkuu wa jimbo. Fungua tovuti ya jimbo lako mwenyewe na uhakikishe kwamba jina la leseni, jina la bima, jina la mkataba na jina la fomu ya kodi iitwayo W-9 ni lile lile, herufi kwa herufi. Tofauti ndogo, "LLC" moja iliyokosekana, inatosha kuchelewesha hundi.

Hati ya bima itumwe na wakala wa bima moja kwa moja kwako au benki, isipitie mkononi mwa mkandarasi. Hati ya mwaka jana inaonekana sawa na ya mwaka huu mpaka uisome tarehe. Benki nyingi hutaka bima ya madhara ya dola milioni 1 kwa tukio, pamoja na bima ya fidia ya wafanyakazi. Hii ya pili usiiache: kibarua asiye na bima akianguka kwenye paa lako, anayetafutwa ni mwenye nyumba.

Nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 huenda ina rangi yenye madini ya risasi. Sheria ya EPA, yaani mamlaka ya mazingira ya serikali kuu, inataka kampuni inayogusa zaidi ya futi 6 za mraba za rangi ndani ya chumba, au 20 nje, iwe na cheti chake. Ni ulinzi wa watoto watakaolala humo. Gharama ya kufunga plastiki na kusafisha vumbi kwa utaratibu iwe ndani ya makisio tangu mwanzo.

Ukipiga simu kwa wateja wake wa zamani, omba wale ambao kazi yao ililipwa na mkopo. Usiulize kama walifurahi. Uliza alifanya nini wakati awamu ya pili ilipochelewa. Aliendelea, alipunguza watu, au alitoweka?

Kazi ikianza

Kanuni inataka kazi ianze ndani ya siku 30 baada ya kusaini, isisimame zaidi ya siku 30 mfululizo, na iishe ndani ya miezi 12 kwa Standard au 9 kwa Limited. Huo ni ukomo wa mkopo, si ratiba yako. Mkataba wako na mkandarasi uwe na tarehe fupi zaidi, na hatua za malipo zilizopangwa ili ya kwanza isiwe kubwa kuliko uwezo wake.

Kila awamu, kabla hujasaini fomu, pokea hati za kuachilia madai kutoka kwa mkandarasi, kutoka kwa kila fundi aliyepewa kazi na mkandarasi kipindi hicho, na kutoka kwa duka kubwa la vifaa. Fundi bomba ambaye hakulipwa anaweza kuweka zuio juu ya nyumba yako hata kama wewe ulishamlipa mkandarasi mkuu kila senti. Hati yenye sharti, yaani inayoanza kufanya kazi pesa ikishalipwa, hutolewa wakati wa kuomba malipo. Isiyo na sharti hutolewa hundi ikishapita. Kudai ya pili kabla hundi haijapita ni kumwonea mtu, na mkandarasi makini atakataa.

Kitu kikigunduliwa ukutani, nyaya za zamani zilizochakaa au nguzo iliyoliwa na mchwa, kazi hiyo isubiri. Mabadiliko hupelekwa kwa fomu HUD-92577, mshauri anayapitia, benki inakubali, ndipo fundi anagusa. Kazi iliyofanywa kabla ya kibali cha benki inaweza isilipwe kabisa, na atakayebeba deni ni wewe au yeye. Akiba ya dharura hailipii marumaru ya jikoni wakati kazi za lazima hazijaisha.

Mkandarasi akiondoka katikati, pesa ya kazi isiyopitishwa bado iko kwenye akaunti, na hapo ndipo unapoona faida ya utaratibu uliokuwa ukiukasirikia. Tatizo ni bei ya anayekuja. Kazi iliyoachwa nusu hugharimu zaidi ya ile iliyobaki kwenye karatasi, kwa sababu mpya hawezi kudhamini mabomba yaliyofungwa ukutani na mtu mwingine, na atataka kufungua. Benki itampitia upya, leseni, bima na W-9, kama wa kwanza. Yule wa pili kati ya wawili uliowatafuta mwanzoni ndiye wa kumpigia, maana karatasi zake benki inazo tayari na nyumba aliiona.

Usisaini barua ya kukamilika kwa kazi mpaka vibali vyote vimefungwa na mkaguzi wa mji na kila kipengele kwenye orodha kimekaguliwa. Ukishasaini, asilimia 10 zilizobakizwa huanza safari ya kwenda kwa mkandarasi. Akiba ya dharura iliyobaki, kama ilikopwa pamoja na mkopo, hupunguza deni lako la msingi. Omba benki taarifa ya maandishi inayoonyesha kiasi kilichopunguzwa na tarehe yake.